Taa ya Chumba cha Vidonda

Walimsahau nyuma ya pazia. Mengine yote yaliyosemwa baadaye na watu wenye ofisi na viti vya kuzunguka yalisemwa ili kulifunika jambo hilo moja.

Mzee alikuwa fundi saa. Kwa miaka mingi alikaa kwenye kibanda chake karibu na posta, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akifungua saa za watu na kuzirudisha kwenye mwendo. Masikio yalimchoka kabla ya macho. Ili akusikie ilibidi umsogelee na kupaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na hata hapo alipata nusu tu. Kisukari nacho kilimletea kidonda mguuni kilichokataa kufunga, kwa hiyo kila wiki alipelekwa hospitali kusafishwa. Aliyempeleka alikuwa mke wa mwanawe, mwanamke msusi, ambaye siku hiyo hufunga kiti chake cha ususi na kuwaomba wateja warudi kesho yake.

Siku yalipotokea haya, foleni ya chumba cha vidonda ilikuwa imejikunja hadi chini ya dirisha la dawa. Sista wa chumba hicho alikuwa peke yake; mwenzake alihamishwa, na wa kujaza nafasi yake hakuletwa. Alimsafisha mzee kidonda, akamfunga bandeji mpya, akamtuma msusi dirishani kuchukua dawa. Kisha akamwonyesha mzee kiganja: kaa hapo hapo, nakuja. Akavuta pazia la upande wa mlango kumsitiri na foleni, upande wa katikati ya chumba ukabaki wazi, akatoka. Hajafika mbali akaletewa mtoto aliyemwagikiwa maji ya moto, amelia hadi sauti imekauka. Sista akamkimbilia mtoto. Alipomaliza, mzee alikuwa ameshamtoka kichwani, na foleni ilikuwa inanung'unika.

Chumba kile kilikuwa na taa mpya. Ni nguzo ndefu yenye mirija ya kioo, inasimama kwenye magurudumu katikati ya chumba, na ikiwashwa inatoa mwanga wa buluu iliyopauka. Ndani ya mwanga huo mna mionzi ya urujuanimno, na mionzi hiyo huua vijidudu vilivyobaki kwenye vitanda, kwenye kuta na hewani. Ni kitu kizuri, lazima tukiri. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wakiingia mle na kidonda kimoja na kutoka na maradhi mawili. Ila taa ile ina sharti lake: ikiwaka, asiwemo mtu. Inavyomuunguza mdudu ndivyo inavyomuunguza binadamu, ngozi na macho.

Sista akafungua mlango, akavitupia jicho vitanda vya mbele, akaviona vitupu. Akafunga, akabonyeza swichi iliyo nje. Juu ya mlango ikawaka balbu nyekundu.

Msusi alirudi na mfuko wa dawa mkononi. "Sista, baba yuko wapi?"

"Ameshatoka."

"Ametoka kwenda wapi na mguu ule?"

"Dada, mimi nina watu mpaka kule nje. Mtafute."

Akamtafuta. Alichungulia chooni, akazunguka mabenchi, akaenda hadi getini kumuuliza mlinzi kama ameona mzee mrefu anayechechemea. Mlinzi hakuona mtu. Aliporudi anahema, balbu nyekundu ilikuwa imezimika na Sista anafungua mlango. Harufu kama ya waya uliopata moto ikatoka chumbani. Sista akavuta mapazia ili foleni iingie, moja, jingine, na la mwisho.

Mzee alikuwa pale. Amevua shati na kulikunja vizuri juu ya mto. Bandeji ameifungua, na mguu ameunyoosha kuelekea kwenye ile nguzo. Uso ameuinua, macho yako wazi, yanachuruzika machozi, na kiwiliwili amekikaza kama mtu anayepigwa picha aliyeambiwa asitikisike.

"Imetosha?" aliuliza, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia.

Sista alisimama na pazia mkononi, na hofu yake ikatoka kwa sura ya hasira.

"Nani amekwambia ufungue bandeji? Nimetoka kukufunga sasa hivi. Unadhani tunaziokota?"

Mzee aliona midomo yake ikichezacheza, akajua anagombezwa. "Nilifikiri mwanga hautapita kitambaani," akasema kwa unyonge. "Samahani, Sista."

Yeye ndiye aliyeomba samahani.

*

Kabla jua halijazama macho yalianza kumwasha. Kwanza alisema ni vumbi. Kisha akasema kuna mchanga, na msusi akamsafisha kwa maji safi, lakini mchanga haukutoka kwa sababu haukuwepo. Uso ukamwiva, kifua na mabega vikawa vyekundu, na mzee ambaye hata alipokatwa nyama iliyooza mguuni hakuguna, sasa alikaa kitandani ameuma ncha ya shuka. Hakuvumilia mwanga wa aina yoyote. Kesho yake kope zilikuwa zimevimba zikafumba kabisa.

Msusi akamshika mkono wakarudi hospitali. Wakapanga foleni kama watu wengine.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mchangamfu. Aliinua kope moja kwa kidole, mzee akaruka. "Macho mekundu," akasema. "Yanazunguka mtaani kote. Watu wanaambukizana."

"Daktari, jana aliwashiwa ile taa ya chumba cha vidonda. Alikuwa ndani."

Kalamu ikasimama. Daktari aliutazama mlango, kisha akautazama uso wa mzee, ambao ngozi yake ilikuwa imeanza kujikunja puani. Akaomba radhi, akatoka. Alikokwenda hatukujui, ila alirudi uchangamfu umemwisha.

"Ni macho mekundu," alisema tena, akiwa anaiangalia meza. "Atie matone haya."

"Hata ngozi hii ni macho mekundu?"

"Dada, tia matone."

Msusi hakwenda nyumbani. Alimkalisha mkwewe kwenye benchi, kitambaa kibichi usoni, akapanda ngazi hadi ofisi ya Msimamizi wa hospitali. Akaambiwa asubiri. Akasubiri huku anaona watu waliokuja nyuma yake wakiingia na kutoka wanacheka. Alipoingizwa hatimaye, Msimamizi hakumwambia akae, ingawa kiti kilikuwepo. Alimsikiliza huku anasaini makaratasi.

"Onyo limebandikwa mlangoni," alisema. "Kubwa, jekundu. Hairuhusiwi mtu kuingia taa ikiwa inawaka."

"Limebandikwa upande gani wa mlango?"

"Upande wa nje, bila shaka. Ndiko watu wanakoingilia."

"Baba alikuwa ndani."

Msimamizi akainua uso kwa mara ya kwanza. "Basi aliingiaje?"

"Mlimwingiza nyinyi. Hakuikuta taa inawaka, mzee wa watu. Taa ndiyo iliyomkuta."

"Sikiliza, mama. Ile mashine ina kijicho chake. Kikiona kitu kinatikisika, taa inajizima yenyewe. Imetengenezwa hivyo na watu wenye akili zao. Kwa hiyo hilo unalolisema haliwezekani."

Msusi mashine zile hakuzijua, kijicho hakukijua. Alichokijua ni alichokiona.

"Kwa hiyo baba amejibabua uso mwenyewe?"

"Jua ni kali siku hizi," Msimamizi alisema. Akarudi kwenye makaratasi yake, halafu kama mtu aliyekumbuka kitu kizuri, akatabasamu. "Mume wako si dereva wetu wa gari la wagonjwa? Kijana mzuri sana. Nitazungumza naye. Sisi ni familia moja, mama. Tusianze kuvuana nguo barabarani."

*

Alizungumza naye kweli, chini ya kivuli cha maegesho, mkono begani kama ndugu yake. Dereva aliporudi nyumbani siku hiyo hakumtazama mkewe usoni. Alivua viatu, akakaa kwenye stuli, akavitazama viatu.

"Amesema atakuja mwenyewe hapa nyumbani," alisema. "Watalimaliza. Ameomba tungoje."

"Tungoje nini? Jicho la kushoto limeanza kutoa usaha. Kesho nampeleka kliniki ya macho, hospitali kuu."

"Huko watauliza kilichompata."

"Watauliza, ndiyo."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia kilichompata. Wewe unataka niwaambie amepigwa na mpira?"

Dereva akajifuta uso kwa viganja. Alikuwa mtu mpole, wa kukwepa ugomvi hata wa nauli, na upole huo ndio Msimamizi aliokuwa ameushika kama usukani. "Mke wangu, nielewe. Kuna vijana wangapi wana leseni na hawana gari? Nikifungua mdomo leo, kesho mwingine anaendesha. Watoto wako shule. Kiti chako cha ususi peke yake kitatufikisha wapi?"

"Unabeba baba za watu kwa king'ora, magari yanakupisha. Baba yako mwenyewe unamwambia angoje."

"Usiniseme hivyo."

"Nikuseme vipi, basi?"

Ugomvi wote huo ulipita juu ya kichwa cha mzee, aliyekuwa amekaa kati yao kwenye mkeka, mgongo ukutani. Zamani angalau aliona midomo ikienda akabahatisha neno hapa na pale. Sasa hakuona na hakusikia. Aliwajua kwa mikono: wa mwanawe unanuka petroli, wa mkwewe unanuka mafuta ya nywele. Alipapasa hewani, akaupata mguu wa mwanawe.

"Umekula?" akamuuliza.

Dereva akatoka nje.

Wakangoja. Msusi alingoja kwa kuwa mumewe alimwomba, na kwa kuwa hata yeye, ndani kabisa, aliihofia kesho isiyo na mshahara ule. Baadaye hakujisamehe upesi kwa hilo. Alitia matone, yale ya macho mekundu, na kila alipotia mzee alishika ukingo wa mkeka. Siku zikapita, Msimamizi ana mkutano, Msimamizi ana wageni wanaokuja kuitazama mashine mpya, Msimamizi amesafiri. Jicho la kulia likaanza kufunguka kidogo. La kushoto likawa jeupe katikati, kama maziwa yaliyodondoka kwenye maji.

*

Msimamizi alikuja siku ya mapumziko, mchana, na gari la ofisi. Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, vyumba vinatazamana, ua katikati, na wapangaji wote walikuwa uani wanafua na kupika. Gari lile likawanyamazisha. Msimamizi akapita katikati yao na kapu la matunda, anasalimia kama mgombea. Nyuma yake alikuwa Sista, bila sare, amejitanda kitenge, macho chini.

Ndani, Msimamizi aliomba mlango ufungwe. Msusi akamwambia mlango huo haufungiki vizuri, una pazia tu, na joto hili watakufa. Basi akasogeza stuli karibu na kitanda, akaanza kwa sauti ya chini, ile sauti ya ofisini ya kumfanya mtu ajione amealikwa.

"Mzee wetu, pole sana. Tumekuja kukujulia hali."

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Mimi ni Msimamizi wa hospitali."

"Nani?"

"Msimamizi. Wa hospitali."

"Aa. Karibu. Ungepaza sauti kidogo, baba, masikio yangu yameniaga."

Msimamizi akapaza kidogo. Haikutosha. Akapaza tena. Jasho likaanza kumtoka kwenye kola. "Nasema, tumekuja tuyamalize. Jambo hili libaki baina yetu."

"Libaki wapi?"

"Baina yetu. Lisitoke nje."

"Sikupati."

Msimamizi akamtazama dereva, lakini dereva alikuwa amesimama kwenye kona ya kabati na hakujitolea kuwa mkalimani. Basi bwana mkubwa akainama, akaweka mdomo sikioni mwa mzee, akatoa sauti yote aliyojaliwa. "Siri, mzee. Iwe siri. Tutakupa kitu kidogo, msiende kokote kulisema."

Neno siri likatoka dirishani, likazunguka ua mzima. Kule nje mwiko uliokuwa unakwangua sufuria ukanyamaza. Mtu mmoja akacheka, akajiziba. Halafu kukawa kimya kama cha watu wanaosogeza vigoda karibu.

"Siri ya nini?" mzee akauliza, na yeye hakujua kunong'ona. "Mimi sina siri. Sista yupo? Naona kama vivuli vya wageni wawili."

"Yupo," msusi akamwambia sikioni.

Mzee akanyoosha mkono hewani, ukabaki unaelea mpaka Sista alipousogelea akaushika.

"Sista mwanangu," mzee akasema, "afadhali umekuja, maana wewe ndiye mwenye kujua. Ile taa uliyoniwashia, niliivumilia mpaka mwisho. Iliniunguza, lakini nikasema dawa nyingi huunguza, ngoja nitulie. Sasa nimekuwa nikijiuliza humu gizani. Kosa langu lilikuwa kuitazama? Nilitakiwa nifumbe macho?"

Msusi akafunika mdomo kwa kanga. Hakuna mtu nyumbani humo aliyewahi kumweleza mzee taa ile ilikuwa ya nini. Walidhani anajua. Siku zote hizo, katika giza lile, alikuwa anatafuta kosa lake.

Msimamizi hakuchelewa. Mtu wa aina hiyo akiona upenyo hupita, hata ukiwa ni wa sindano. "Ndiyo, mzee," akapaza sauti. "Ulitakiwa ufumbe. Ulikosea kidogo, lakini sisi hatukulaumu."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Nilijua tu," akasema. "Basi mnisamehe. Nimewasumbua vijana hawa bure."

Katika gari wakati wanakuja, Sista alikuwa ameambiwa la kusema, naye alikubali. Aseme mzee alitoka, akarudi mwenyewe kinyemela kuchukua kitu. Alikuwa na sababu za kukubali kama dereva alivyokuwa na zake: wadogo zake wanamtegemea, na kibali chake cha kazi kiko mikononi mwa huyo aliyekaa kwenye stuli. Maneno aliyafanyia mazoezi njia nzima. Sasa mkono wa mzee ulikuwa ndani ya mkono wake, na ngozi ya mgongo wa mkono huo ilikuwa inabanduka kama karatasi ya kitunguu.

Akapiga magoti pembeni ya kitanda.

"Hukukosea, baba."

"Eh?"

"Nasema hukukosea." Sauti yake ilipasuka, akaikusanya, akaipandisha. "Ile taa si dawa ya mtu. Ni ya kusafishia chumba. Ilitakiwa chumba kiwe kitupu. Nilikuacha nyuma ya pazia nikakusahau. Sikuchungulia. Niliiwasha mimi, na wewe ulikuwa ndani."

"Sista," Msimamizi akasema, "hatukukubaliana hivyo."

"Hatukukubaliana hivyo, ni kweli." Alimgeukia, lakini sauti hakuishusha, ilikuwa imeshapanda na haikujua tena njia ya kurudi. "Na mwambie huyu dada habari ya kijicho. Mwambie kijicho cha kuzima taa kimezibwa kwa plasta. Kila pazia lilipopeperushwa na feni, taa ilikuwa inazima, foleni inachelewa, ukasema wageni wanakuja kutazama mashine na wewe hutaki aibu. Ukaniambia nikizibe. Nilikiziba kwa mkono wangu huu. Nilikuomba nirudishiwe mwenzangu awe anaangalia vitanda, ukasema taa imechukua nafasi yake."

Uani hapakuwa na aliyejifanya anafua.

Uso wa mzee uliobabuka haukuonyesha hasira. Ulionyesha kitu kibaya zaidi, kile kinachompata mtu mzima anapogundua amekuwa kichekesho bila kujua.

"Kwa hiyo mlikuwa mnasafisha chumba," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikavua shati."

Akauachia mkono wa Sista, akavuta shuka mpaka kifuani, akajifunika kama mtu aliyechunguliwa bafuni.

Hapo ndipo dereva alipotoka kwenye kona. Hakupiga kelele, hakuwa na kelele ndani yake. Alichukua lile kapu la matunda, akamwekea Msimamizi mapajani. "Tunampeleka baba kliniki ya macho," akasema. "Sasa hivi. Utupishe mlangoni."

"Kijana, fikiria kazi yako."

"Nimeifikiria siku zote hizi. Ndiyo maana jicho limeoza."

*

Mganga wa macho wa hospitali kuu alikuwa mama mmoja mwenye haraka, lakini haraka yake ilikuwa ya kazi. Alimmulika mzee, akauliza kilichompata, akaambiwa ukweli wote, akashusha pumzi. Akaeleza kwamba mwanga ule uliunguza ngozi nyororo ya juu ya jicho. Kwa kawaida ngozi hiyo hujirudia baada ya siku chache, kama mtu aliyechomwa na jua, mradi jicho litunzwe. Lakini kwa mwenye kisukari mambo huchelewa, na kidonda kilichochelewa kilikuwa kimeingia wadudu.

"Mngemleta siku ya pili," alisema.

Dereva alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake. Alikuwa na maisha yake yote ya kulisikia neno hilo.

Jicho la kulia liliokolewa. La kushoto lilibaki na kovu jeupe katikati, na la kushoto ndilo alilokuwa akibania kioo. Mzee alijaribu kuhamishia kioo upande wa pili. Alikaa kibandani asubuhi moja na saa ndogo ya kike mbele yake, skrubu zikimtoroka kwenye ncha ya kibano kama chawa, mpaka akaifunika tena bila kuitengeneza. Wiki hiyo hiyo alianza kuwarudishia wenyewe saa zao. Wengine walimwambia abaki nazo, hawana haraka. Aliwashukuru, akawarudishia.

Wapangaji wa ua ule walikwenda kushtaki kwa wakubwa wa afya, wote kwa pamoja, kila mmoja akiwa tayari kusimulia alichokisikia. Wakubwa wakatuma watu. Watu hao walikuja na kamera, wakapiga picha taa upande huu na upande ule, wakanywa chai ofisini kwa Msimamizi, wakaondoka. Plasta ilibanduliwa kwenye kijicho. Hilo lilifanyika, na tusiseme halikufanyika. Sista alisimamishwa kazi kwa uzembe. Dereva alinyang'anywa funguo za gari la wagonjwa, akapelekwa kwenye karakana kuosha magari ambayo wengine wanayaendesha. Msimamizi yupo. Katika kikao cha wafanyakazi alisema tukio lile liwe fundisho kwa ndugu wanaowatelekeza wazee wao hospitalini. Na onyo jingine likabandikwa kwenye mlango wa chumba cha vidonda, safari hii upande wa ndani, maandishi madogo meusi, kwa lugha ya waliotengeneza mashine.

Kidonda cha mguu kilikuwa hakijui habari hizi. Kilitaka kusafishwa. Hospitali kuu ilikuwa mbali kwa safari za kila wiki, na nyingine haikumchukua mgonjwa asiye wa eneo lake, kwa hiyo ilibidi warudi pale pale. Msusi aliogopa mzee atakataa. Hakukataa. Alivaa shati lake la kwendea sherehe, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

Foleni ilikuwa ile ile, hadi chini ya dirisha la dawa. Muuguzi mpya, binti mwenye sauti laini, alimwita na kumwonyesha kitanda cha mwisho. Mzee hakukaa. Alikwenda kwenye pazia la kwanza akalivuta mpaka mwisho wa waya wake, akachungulia kwa jicho lake moja. Akaenda kwenye la pili akafanya vivyo hivyo. Alichechemea chumba kizima, taratibu, huku binti akimtazama na kibano mkononi, na foleni nje ikinyoosha shingo. Alipohakikisha hakuna aliyesahauliwa, akasimama katikati, karibu na ile nguzo.

"Leo mnatibu mtu," akauliza kwa sauti yake kubwa, "au mnatibu chumba?"

Binti akashusha kibano. "Tunatibu mtu, baba."

"Eh?"

"Mtu. Ninakutibu wewe."

Msusi, aliyekuwa ameweka mguu kizingitini na hakukusudia kuuondoa, alimjua mkwewe. Aliona kichwa chake kilivyoinama kidogo kwenye jibu la kwanza la binti, akajua mara hii alikuwa amesikia.

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema kwa nguvu," akamwambia binti. "Na wa nje wasikie."

Binti akautazama mlango, akaitazama foleni, akasema kwa nguvu. Hapo ndipo mzee alipokaa, akaukunja mguu wa suruali, akampa kidonda.